Kina cha Ua la Mninga

Kazi yangu ni picha za pasipoti, Ng'ambo, Tabora:
kitambaa cheupe, kidevu juu, usicheke.
Nyuma ya mtu pasiwe na kitu.
Miaka kumi na moja nimefuta ulimwengu nyuma ya vichwa
na hakuna aliyewahi kuniuliza umekwenda wapi.

Kisha wafuga nyuki wa Sikonge wakataka kalenda:
maua kumi na mawili, kila mwezi na lake,
karibu kabisa, hadi mtu aone chavua.

Ua la Oktoba ni mninga.
Mti haujatoa jani, umetanguliza manjano,
kama mwenye haraka ya harusi
aliyevaa kilemba akasahau viatu.
Nyamizi Kasanda, mwenye mizinga arobaini,
aliniinamishia tawi la chini, akalifunga kwa kamba ya katani,
maana upepo wa saa tatu, alisema, hauna adabu.

Nikafungua lenzi hadi mwisho: mbili nukta nane.
Namba ndogo, tundu kubwa. Ndivyo ilivyo;
mwanafunzi wangu Mayunga hulala nalo, akaamka amelisahau.
Kwa karibu vile, kina ni unene wa ukucha.
Stameni moja ikasimama wazi na vumbi lake,
petali ikaanza kuyeyuka kabla haijaisha,
na nyuma yote ikawa uji,
uji mwepesi wa kahawia, mtamu kwa macho.

Nilimwonyesha kwenye kioo.
Akatazama kama anavyotazama sega, bila haraka.
"Zuri. Mbona umefuta visiki?"

Sikuwa nimeviona. Kweli kabisa.
Nusu saa nimepiga magoti mbele ya ua,
na hatua thelathini nyuma yake vilikuwepo,
vyeupe, vibichi bado,
mitundu na miyombo iliyokwenda kukausha tumbaku,
na bani lenyewe, moshi umelala juu ya paa.

"Mzinga wangu," akasema, "una tundu la kidole kimoja.
Likiwa dogo, walinzi watatu wanatosha.
Nikilipanua anaingia siafu, anaingia nyegere.
Kwako wewe, likiwa dogo anaingia nani?"

Wote, nikasema. Likiwa dogo wanaingia wote.

Basi nikabana. Nane: visiki vikawa vivuli,
kama watu wanaosubiri kuitwa ndani.
Kumi na moja: vikapata mabega.
Kumi na sita: vikatoa pete, karibu uhesabu miaka.
Lakini tundu dogo hunywa mwanga kwa mrija;
pazia la kamera likachelewa kufunga,
na ua, hata limefungwa kamba, likapumua.
Nilipiga mara ishirini na tatu.
Nyamizi alitanua kanga kuziba upepo.
Nyuki akaja, akatua, akatuharibia,
akaondoka na alichokifuata.

Washairi hukitafuta kina mwisho wa mstari.
Changu kiko kati ya ua na kisiki,
na kidole changu kwenye gurudumu ndicho kinachoamua
nani atakuwemo, nani atakuwa uji.

Kamati ilikaa Jumamosi. Ikachagua ile ya kwanza, bila mjadala,
nikalipwa. Sikubisha; nina kodi ya chumba.
Oktoba iliyofuata manjano yalielea kwenye kuta za watu,
pasipo mahali.

Ile ya kumi na sita nimeitundika studio,
mkabala na kiti cha pasipoti. Ua halijatulia vizuri.
Jana mteja mmoja, anasafiri kwenda kwa dada yake,
akauliza: fundi, nani kaliharibu ua zuri hivi
kwa visiki?

Nikamwambia inua kidevu, usicheke.
Nyuma yake kitambaa kilikuwa kimejikunja pembeni
na kipande cha ukuta, chenye ufa, kilikuwa kinachungulia.
Sikukinyoosha.